Chuma Kikilia Kina Kiu

Pale Lushoto mjini nilikuwa nasikika kabla ya kuonekana. Breki ya mbele ya baiskeli yangu ilikuwa na sauti ya mbwa aliyekanyagwa mkia akiwa ndani ya pipa. Na kwa kuwa mji wenyewe umekaa bondeni, sauti ikitoka upande huu inagonga mlima wa pili na kurudi, kwa hiyo nikifunga breki mara moja watu wanaipata mara mbili. Watoto wa sokoni wakanibatiza King'ora. Akina mama wauza viazi wakinisikia kwenye kona walivuta matenga yao ndani bila hata kuinua macho. Mbuzi wa jirani alikuwa ananijibu.

Baiskeli ni ya mtumba, nilinunua Dar es Salaam kwa bwana mmoja aliyeapa kwamba ilitoka Japani haijawahi kupanda hata tuta. Magurudumu inchi 29, springi mbele tu, breki za diski, tena breki za mafuta. Hilo neno "za mafuta" naomba mlikumbuke, litarudi kunidhuru.

Kelele nilijitakia mwenyewe. Baiskeli ilikuja na pedi (vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu) zile laini, za rezini, ambazo ni kimya. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba pedi laini kwenye tope na mteremko mrefu huisha haraka, na ukitaka kitu cha kustahimili joto na masika weka pedi za chuma. Nikaona mimi ndiye mtu wa mteremko mrefu. Nikaagiza za chuma, shilingi 38,000, nikafunga mwenyewe kwa bisibisi na kiburi. Kumbe pedi mpya inatakiwa izoeshwe: unakimbiza baiskeli, unakamata breki mpaka ikaribie kusimama, unaachia, unarudia kama mara ishirini hivi, mpaka pedi na diski vizoeane. Mimi nilizifunga nikaenda nazo moja kwa moja kununua mkate. Asubuhi za Lushoto zina umande na barabara zina vumbi jekundu, na pedi za chuma zikipata hivyo viwili zinaimba.

Kuna na kaptula. Waendesha baiskeli wa milimani huvaa kaptula ya kubana yenye kijigodoro ndani. Za dukani nilipouliza bei nilimwomba muuzaji arudie, halafu nikamshukuru. Mjomba wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kipo karibu na soko, nikampelekea kaptula yangu ya mazoezi nimwombe aweke sponji kidogo. Mjomba hajui kidogo. Aliweka sponji ya kochi, inchi mbili kamili, akaidarizi pembeni kama mto wa sebuleni. Nikiivaa nakuwa mrefu nikikaa kuliko nikisimama.

"Mjomba, si imezidi?"

"Makalio ni yako au ya jirani?" akaniuliza. Nikachukua.

Mwisho, viatu. Kuna viatu vyenye kipande cha chuma chini ya soli, kinanasa kwenye pedali maalumu, ukitaka kutoka unazungusha kisigino kwenda nje. Faida yake ni kwamba mguu hauruki kwenye mawe na unaweza kuvuta pedali juu pamoja na kusukuma chini. Hasara yake ni hiyo hiyo: mguu hauruki. Nilivipata mtumbani, namba moja pungufu.

Basi Jumamosi moja asubuhi nilipita kwa Mjomba nikiwa nimekamilika, kofia ngumu kichwani, njiani kwenda Irente. Nilipofunga breki mbele ya kibanda chake, mteja aliyekuwa anapimwa gauni alipiga kelele na yeye. Mjomba akaweka futi chini.

"Anko, hicho chuma kina kiu."

"Hapana, Mjomba, hizi breki..."

"Chuma kikilia kina kiu. Mimi nimekaa na cherehani miaka thelathini. Ikilia, unaipa tone, inanyamaza. Hizi breki zako si ulisema mwenyewe ni za nini?"

"Za mafuta."

"Breki za mafuta," akamwambia yule mteja, "halafu anazinyima mafuta."

Hapa lazima niseme kazi yangu, ingawa ningependa kuificha. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Wiki ile ile nilikuwa nafundisha msuguano. Jumatano nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa mkono wangu huu, njia za kupunguza msuguano: kulainisha nyuso, kutumia beringi, kupaka mafuta. Nilipigia mstari "kupaka mafuta". Najua vilevile kwamba mafuta ya breki za aina ile yanakaa ndani ya bomba, yanasukuma pistoni, pistoni inabana pedi, na kwamba tone moja likitoka nje likagusa diski ni msiba, kwa sababu pedi ina vitundu na inakunywa mafuta kama mkate unavyokunywa chai. Haya yote nayajua. Lakini jamani, mjomba wako anapokuwa ameshainama na kichupa, mbele ya mteja wake, utamwambia nini?

Kichupa kilikuwa kile chembamba chenye mdomo mrefu. Akazungusha gurudumu polepole kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukidondosha, tone, tone, tone, mpaka diski yote ikang'aa kama kikaango. Kisha akahamia ya nyuma.

"Ya nyuma hailii, Mjomba."

"Isije ikaona wivu."

Nikasukuma hatua tatu, nikabana breki. Kimya. Kimya kitamu, ambacho sijakisikia tangu ninunue zile pedi. Mteja akapiga makofi. Nami, mwalimu wa fizikia, nikafurahi.

Kwenda Irente ni kupanda, kilomita tano sita hivi, na mtu anayepanda hafungi breki. Ndiyo maana sikujua kitu. Nilipita Yoghoi nikihema, jasho likikusanywa lote na sponji. Kule juu nilikaa kwenye jiwe, nikatazama chini kwenye tambarare, Mazinde pale, mashamba ya mkonge yamechorwa kama daftari la hesabu, mabasi ya barabara kuu madogo kama siafu. Nikapita shambani Irente kununua jibini na mkate, nikatia mgongoni. Maisha yalikuwa mazuri. Wakati wa kurudi nikaamua, badala ya barabara, nipite njia ya miguu inayokatiza kwenye mashamba. Si nina pedi za chuma?

Mita mia za kwanza niliiacha tu baiskeli ikimbie. Halafu ikaja kona, nikabana breki. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, hauna hitilafu, ila baiskeli haikuonyesha kwamba imeambiwa chochote. Nikabana na ya nyuma. Nikabana zote kwa vidole vyote. Ilikuwa kama kumwomba mtu wa mkopo aongeze siku: anakusikiliza vizuri sana, na hakuna kinachobadilika.

Kona niliipata kwa neema. Sasa mbele yangu kulikuwa na mteremko ulionyooka, kushoto ukuta wa udongo na mizizi, kulia matuta ya kabichi yakishuka kama ngazi, na kila ngazi ina urefu wa mtu. Nikataka kuweka miguu chini nisuguze. Miguu haikutoka. Kisigino kinatakiwa kiende nje. Kwa woga mimi nilikuwa nakivuta juu, na ukikivuta juu, kile chuma kinakushika kama mama mkwe.

Ndipo nikakiona kichaka. Kichaka kizuri, cha kijani, kinene, laini, kimekaa pembeni ya njia kama kimewekwa na Serikali kwa ajili ya watu wa aina yangu. Nikakichagua. Nikaelekeza usukani. Nikiwa nimebakiza kama hatua kumi, kichaka kikapiga hatua moja.

Nikadhani ni macho. Kikapiga ya pili. Kisha kikakohoa.

Kwa wasiojua milima yetu: mzee akishatoka kukata majani ya ng'ombe, anayafunga kwenye keria ya baiskeli yake ya Phoenix kwa kamba, mzigo mpana kuliko mlango wa nyumba, kisha anasukuma. Ukiwa nyuma humwoni mzee, huioni baiskeli. Unaona kichaka.

Nilipiga yowe, lakini nilikuwa nimeshafika. Sikugonga kitu kigumu, niliingia tu. Giza la kijani, harufu ya majani mabichi, halafu nikawa nimelala chali, baiskeli juu yangu, mguu wa kulia bado umenaswa. Kilichotangulia chini yalikuwa makalio, na naapa nilidunda.

Kimya. Nikaona jambo la adabu ni moja.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka ndani ya majani.

Kidogo kimya, kisha sauti upande wa pili ikajibu: "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Za nyumbani?"

"Nzuri. Samahani sana, mzee."

"Watoto wazima?"

"Bado sijajaliwa."

"Mungu atajalia." Akatokea, kofia upande, hana hata mkwaruzo, akiwa bado ameshika usukani wa Phoenix yake, ambayo haikuanguka. "Haya. Sasa hii ndiyo nini?"

Akaniangalia vizuri. "We si King'ora?"

"Ndiye mimi."

"Siku zote nikikusikia nasogea. Nakupisha, unapita, naendelea. Leo umekuja kimya kimya kama mwizi wa kuku."

Sikuwa na jibu. Akainama kunivuta, akaona mguu umeng'ang'ania pedali. "Nani kakufunga?" Nikamwambia ni viatu vya kisasa. Akanitoa kama anavyotolewa mbuzi kwenye kamba, kwa kuuzungusha mguu, akapatia mara ya kwanza. Halafu akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa.

"Mafuta ya cherehani," akasema. "Mke wangu anayo." Akakifuta kidole kwenye majani. "Na wewe si ndiye mwalimu? Una mjukuu wangu pale sekondari. Unamfundisha nini?"

"Fizikia."

Mzee akatazama baiskeli, akatazama mlima niliotoka, akanitazama mimi.

"Aaah," akasema.

Tukakusanya majani, tukafunga upya. Nilimuuliza ile Phoenix ina breki gani. Zile za vyuma zilikufa zamani, akaniambia. Akitaka kusimama anakandamiza soli ya katambuga kwenye tairi. Katambuga limekatwa kwenye tairi la gari, kwa hiyo ni tairi kwa tairi. Msuguano wa hali ya juu, nikamwambia. Akasema hajui, ila linasimamisha.

"Lakini leo sina haja ya katambuga," akaendelea, akifunga ncha moja ya kamba ya mkonge kwenye keria na kunikabidhi ya pili. "Leo breki ninayo."

Ndivyo tulivyoshuka. Yeye mbele na usukani, mzigo katikati, mimi nyuma nimejivuta kama mtu anayemzuia fahali, kamba kiunoni, baiskeli yangu nimeikokota kwa mkono mmoja. Njia ile ina mawe. Viatu vyangu vina chuma chini. Kila nilipokanyagia nizuie mzigo, chuma kilisuguana na jiwe kikatoa ule ule mlio, kiiiiiii, unagonga mlima wa pili, unarudi. Tulipokaribia nyumba za kwanza nikasikia sauti za watoto wakikimbia kuja barabarani: "King'ora! King'ora kaja!" Wakanikuta nimefungwa kamba nyuma ya majani.

Jibini lilikuwa limekuwa chapati. Nilimwachia mzee, na mkate pia.

Breki niliitengeneza wiki iliyofuata. Diski nilizifuta kwa spiriti ya duka la dawa, zikakubali. Pedi nilizipiga msasa, nikazipaka spiriti, nikaziombea, hazikukubali. Mafuta yakishaingia ndani yameingia. Nikaagiza za rezini Dar, zikaja kwa basi, na safari hii nilizizoesha mara ishirini kwenye uwanja wa shule. Wanafunzi walihesabu kwa sauti. Mmoja wao, namfahamu babu yake sasa, alinyoosha mkono darasani Jumatatu kuuliza kama msuguano una faida zozote.

Lakini Jumamosi ile ile, kabla ya spiriti na msasa, nilimpitia Mjomba. Nina udongo mpaka masikioni na majani yametoka kwenye kofia. Alikuwa anashona, hakusimamisha mguu. Aliinua macho kidogo tu, akaiangalia kwanza kaptula.

"Imechanika?"

"Haijachanika."

"Makalio yameumia?"

"Hayajaumia, Mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, akageuza kitambaa, akashona mshono mwingine.

"Na breki? Ililia?"

Nilitaka kueleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na pistoni, na pedi, na vitundu.

"Haikulia," nikasema.

Akachukua kile kichupa chenye mdomo mrefu, akaipa cherehani tone moja, akaendelea kushona.