Shimo la 12 Augusta: tatizo ni mshazari wa grini

Makala moja ya gofu inalaumu upepo peke yake kwa mikwaju 7 aliyotumia Jordan Spieth katika shimo la 12 la uwanja wa Augusta, Marekani, kwenye mashindano ya Masters ya 2016. Upepo unachangia kweli: miti inauzungusha, bendera ya shimo la 11 ikipepea huku, ya 12 kule. Lakini tazameni grini yenyewe, eneo la nyasi fupi penye bendera. Shimo lina yadi 155 tu, na mchezaji hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju 3, ila grini ni nyembamba na imelala mshazari: upande wa kulia uko mbali zaidi na tii (mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza) kuliko wa kushoto.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mchezaji wa mkono wa kulia mpira ukimponyoka kwenda kulia, kwa kawaida unapungukiwa umbali pia. Unatua kwenye mteremko wenye nyasi zilizonyolewa fupi, unarudi taratibu hadi Rae's Creek, kijito kilicho mbele ya grini. Hivyo ndivyo mkwaju wa kwanza wa Spieth ulivyozama. Anayetumia mkono wa kushoto makosa yake yanafuata mshazari: ukienda kulia unakwenda mbali, ukienda kushoto unafupika, na grini iko hapo hapo.

Bendera ya Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano, ikiwekwa kulia, isahau kabisa. Lenga juu ya banka (mtego wa mchanga) la mbele, katikati au kushoto kidogo, kwa fimbo ya kuvuka hilo banka bila shaka. Kwenye Masters ya 2019 wachezaji Molinari, Finau, Koepka na Poulter wote walizamisha mipira yao majini hapo. Tiger Woods alipiga kushoto, akaputi (kuusukuma mpira kwenye grini) mara mbili, akaondoka na mikwaju 3 yake.