Kocha angemfuata aliyeinua kibendera

Hiyo habari ya kocha wa vijana hapa Malindi aliyemvamia refa wa kati kwa kibendera cha kuotea imeniuma, maana nilikuwepo. Mshika kibendera ni kijana wa sekondari, alikuwa kwenye mstari, sambamba kabisa na beki wa mwisho. Watu wazima walimtukana mpaka akainamisha kichwa, na refa akanyamaza tu.

Besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo viitwavyo besi, wameliweka sawa jambo hili. Kanuni zao zinamkataza mwamuzi kukosoa au kutengua uamuzi wa mwenzake asipoombwa na mwenyewe. Kocha akilalamikia mkimbiaji aliyetolewa besi ya kwanza, mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira unaompita mpigaji, humwambia: "Uamuzi si wangu, muulize mwenzangu, tena kwa adabu." Wakitaka kushauriana husogea kando, waamuzi peke yao, kocha asisikie.

Najua kwenye soka neno la mwisho ni la refa wa kati. Lakini kumkinga mwenzako hakukatazwi na sheria yoyote! Tena tangu 2019 sheria zinaruhusu kocha naye aonyeshwe kadi, ya njano au nyekundu. Mbona kwenye mechi za watoto wetu hazitoki mfukoni?