SWR Nzuri, Kebo Mbovu

Kijana mmoja wa Kisauni, mwenye redio ya mawasiliano, kanitumia picha ya mita yake: SWR 1.6 kwenye megahezi 145. SWR ni kipimo cha mawimbi yanayogonga antena yakarudi redioni; ikikaribia 1, yanayorudi ni machache. "Ami, antena imekaa sawa!" Imekaa sawa wapi, na Nyali hapo hawamsikii? Kutoka redioni hadi juu ya ghorofa kavuta mita 30 za kebo ya RG-58, ile nyembamba, kwa sababu pesa zote kazimalizia kwenye redio.

Jamani, mita hiyo inamdanganya. RG-58 ya urefu huo, kwenye masafa hayo, inakula kama desibeli 6 kwenda, yaani inabaki robo tu ya nguvu, na mawimbi yanayorudi kutoka juu yanaliwa 6 nyingine kabla mita haijayaona. Ing'oe antena uitupe baharini, mita chini itaonyesha takriban 1.7 vilevile! Kebo ikizidi kuoza ndivyo mita inavyozidi kukusifu. Wati 50 zikitoka redioni, zinazofika juu ni 12 na ushei, nyingine zinapasha moto kebo, kana kwamba Mombasa joto halitutoshi. Kebo nene ya RG-213 ingefikisha kama nusu, na LMR-400, nene vilevile, zaidi ya theluthi mbili.

Haya, kwa anayekaa megahezi 7 tu, RG-58 si dhambi. Hapo hasara yake ni desibeli 1 na kidogo. Na ile kebo ya dishi mnayoicheka kwa omu zake 75, kwenye 145 inapoteza pungufu kuliko RG-58. Sipendi kulisema, maana kuifunga plagi ya redio, PL-259, ni kazi ya kulaani, lakini ndiyo kweli.

Halafu kuna chumvi. Nilipanda kwake nikafungua plagi ya juu, iliyozungushiwa tepu ya fundi wa umeme na basi. Gundi imeyeyuka kwa jua, tepu inaning'inia. Nikachuna gamba: msuko wa shaba umekuwa mweusi, karibu na plagi umeota ukijani, ukiusugua unatoka unga. Maji yakishaingia hapo hushuka ndani ya msuko, kwa hiyo kukata kipande cha juu hakusaidii. Tepu ya mpira inayojishika yenyewe ndiyo ya kuziba plagi, kisha juu yake ile ya umeme ya kuikinga na jua. Pwani hii hilo si la hiari.

Nimemweleza yote hayo, akaitikia vizuri sana. Jana kaniuliza wapi atapata redio ya wati 100. Zitafika 25, mwanangu.