Umenunua Mchezo, Nyimbo Zimebaki kwa Wenyewe

Haya, nyinyi mabingwa wa dhumna wa Jaws Corner ya Mji Mkongwe, niambieni. Mtu anatoa pesa yake halali, ananunua DVD ya mchezo wa zamani wa televisheni, si ya kuchoma, ya sanduku kabisa. Anasubiri ule wimbo wa mwanzo aujuao tangu enzi za deki, na kinachotoka ni kinanda cha mapokezi ya hoteli! Huo si wizi? Wallahi si wizi. Ni makaratasi.

Wimbo mmoja una wenyewe wawili, bwana. Kuna mtunzi, au kampuni inayomshikia tungo zake, huyo ndiye wa kukuruhusu uufunge wimbo kwenye picha. Halafu kuna kampuni yenye rikodi, ile sauti hasa unayoijua wewe. Akikubali mmoja bado huna kitu, labda umtafute mwengine aimbe upya. Na wanachunguliana hao! Mara nyingi mkataba una sharti kwamba akiongezwa pesa mmoja, wenziwe nao waongezwe.

Zamani watengenezaji walilipia kurusha hewani tu, tena kwa miaka ya kuhesabika. Nani angelipia na DVD za kabatini kwa mtu? WKRP in Cincinnati, mchezo wa kituo cha redio wa 1978 hadi 1982, ulijaa nyimbo za watu wenye majina. DVD ya msimu wa kwanza ilipotoka 2007, nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Mchezo wa redio, jamani, bila nyimbo zake! Mpaka 2014 kampuni nyengine, Shout! Factory, ikahangaika kuzirudisha, na hata hapo si zote. Married... with Children nao, kuanzia DVD za msimu wa tatu, Frank Sinatra, mwenye kuimba wimbo wa mwanzo, akatolewa mlangoni.

Kubadilisha wimbo ningevumilia. Kinachonitoa roho ni maongezi. Kama sauti za watu zimehifadhiwa mkanda wake na muziki wake, fundi anatoa huu anatia ule, kwisha. Lakini michezo mingi ya zamani imebaki na sauti iliyochanganywa pamoja. Ukiutoa wimbo, na maneno yanaondoka nao. Hapo ama kipande kizima kinakatwa, ama anaitwa mtu aigize sauti. WKRP ilifanyiwa hivyo iliporudiwa kwenye vituo vyengine: mdomo wa bwana huyu, sauti ya bwana yule. Na kwenye mandhari ya dansi watu wanakwenda kwa mdundo ambao haupo tena, kama wamepandwa.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, geuza sanduku, soma yale maandishi ya chini ya saizi ya sisimizi. Wakiandika kwamba baadhi ya muziki umebadilishwa, wanakwambia kweli, tena kwa aibu. Kisha tazama dakika. Kipindi cha nusu saa cha Marekani cha miaka hiyo, ukitoa matangazo, huwa 24 au 25. Ukiona 22, kimepitiwa na mkasi. Cha saa moja huwa 48 hivi. Ila diski ya PAL, mfumo wa picha wa Ulaya na wa kwetu, hukimbia zaidi kwa asilimia 4, kwa hivyo 48 zikisomeka 46 usimtukane muuzaji, hapana kilichokatwa. Na namba ya eneo, ile inayosema diski ichezwe nchi zipi, usiisahau: ya Marekani ni 1, yetu 5, na deki nyengine haina huruma.

Mnacheka? Subirini zamu ya taarabu. Wimbo wa robo saa: mwenye shairi keshafariki, warithi saba, wawili Maskati, mmoja Wete hashiki simu. Mwenye muziki ni mwengine, rikodi ya kikundi. Unakwenda na fomu zako, sita wanatia saini. Wa saba pesa hataki kabisa. Anataka kwanza jina la babu yake liandikwe kubwa kuliko la mwimbaji.