Kesi nyingi hufia sebuleni, lakini si zote
Wakili mmoja anasema katika miaka yote ya kutetea watoto waliotendewa ukatili, kesi nyingi alizozipoteza hazikuangushwa na hakimu, ziliuawa na ndugu waliokaa kikao wakaamua "yaishe kifamilia". Ni kweli kabisa, ila mahakama nayo asiisafishe hivyo. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimekaa na watoto hawa kwenye mabenchi ya korido. Namkumbuka binti wa miaka 9. Bibi yake alitoka na PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akaifunga kwenye pindo la kanga, akalala nayo wiki 3 ili wanawe wasiichane. Wakafika mahakamani, kwa shida. Mwaka 2016 kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania kilirekebishwa: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Sentensi moja tu! Binti yule aliahidi, nilimsikia kwa masikio yangu, macho yake yakiwa kwenye kandambili za mshtakiwa. Ahadi ile haikuandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama, na kwa sababu hiyo kwenye rufaa ushahidi wake wote ukaondolewa. Bibi aliniuliza, "Sasa mwanangu alisema nini siku ile?" Sikuwa na jibu. Walezi mliopitia haya, kuna aliyewahi kuomba maneno ya mtoto yasomwe tena kabla hajatoka pale, na akakubaliwa?