Ofelia Hakukimbia Vita

Karibu kila maelezo ninayoyasoma kuhusu filamu ya Pan's Labyrinth yanasema jambo lile lile: binti mdogo anakimbilia ndotoni ili asahau vita. Sikubaliani nayo kabisa. Ili nieleze sababu itanibidi nitaje mwisho wa filamu, kwa hiyo ambaye hajaiona aitazame kwanza.

Guillermo del Toro, mwongozaji kutoka Mexico, aliitoa mwaka 2006, lakini hadithi yenyewe iko Uhispania mwaka 1944. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimalizika 1939, dikteta Franco ameikamata nchi, ila milimani bado wamo wapiganaji waliokataa kusalimu amri. Ofelia analetwa na mama yake mjamzito kuishi na baba wa kambo, Kapteni Vidal, aliyetumwa kuwamaliza wapiganaji hao. Huko anakutana na Fauno, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Fauno anamwambia kuwa yeye ni binti wa mfalme wa chini ya ardhi, na ili arudi kwao lazima atimize kazi tatu kabla ya mwezi mpevu.

Hebu nioneshwe mahali pa kupumzikia katika ufalme huo! Kazi ya kwanza inamtambaza Ofelia kwenye tope na wadudu chini ya mtini unaokufa. Ya pili inamfikisha kwa jitu lenye ngozi inayoning'inia na macho viganjani, limeketi kimya mbele ya meza iliyojaa vyakula. Ukutani kuna michoro ya watoto wakiuawa, na kando kuna rundo la viatu vyao. Kabla ya hapo tumemwona Kapteni naye amekaa kichwani mwa meza iliyosheheni, moto ukiwaka nyuma yake, akizungumza na wageni wake juu ya kuwapunguzia wanakijiji mgawo wa chakula. Mtoto anayetaka kusahau hawezi kuota ndoto ya namna hiyo. Ofelia anaitazama vita ileile, ila kwa macho yake.

Kinachonigusa zaidi ni suala la utii. Daktari Ferreiro anampa mateka aliyeteswa kifo cha upole, kinyume cha amri. Kapteni anapomuuliza kwa nini hakutii, anajibu kuwa kutii tu bila kuhoji ni kazi ya watu kama Kapteni. Anapigwa risasi mgongoni akiondoka. Sasa msikilize Fauno katika kazi ya tatu: anataka Ofelia amtoe mdogo wake mchanga, yatoke matone machache tu ya damu, na asiulize maswali. Ni amri ya Kapteni katika kinywa kingine. Ofelia anakataa, hata alipoelezwa kuwa anaupoteza ufalme kwa ajili ya mtoto anayemfahamu kwa shida.

Wala del Toro hasemi kwamba kila ukaidi ni wema. Mezani pa lile jitu Ofelia alikatazwa kula, akachuma zabibu mbili kwa uroho, na vijimalaika wawili waliomsindikiza wakaliwa mbele yake. Naupenda sana uaminifu huo. Mtoto anaruhusiwa kukosea vibaya, kisha anajifunza kutofautisha tamaa na dhamiri.

Watazamaji hubishana kama Fauno yupo kweli, kwa sababu Kapteni anapofika wakati wa kazi hiyo ya tatu anamwona Ofelia akiongea peke yake. Mimi simpi Kapteni haki ya kuwa shahidi. Huyu ni mtu aliyekaa nyumba moja na Mercedes, mtumishi wake, asijue kwa muda mrefu kwamba ndiye anayewapelekea wapiganaji chakula na dawa. Yaliyokuwa mbele ya macho yake hakuyaona. Kwa nini nimwamini kuhusu Fauno?