Nyumba ya Mama Si ya Wageni wa Desemba

Wiki tatu zilizopita mama aliteleza bafuni. Namshukuru Mungu nyonga haikuvunjika, ni kifundo cha mkono tu kilichoteguka. Ila nimekasirika, na hasira zangu ni juu yetu sisi watoto, maana bafu lile tulilijenga wenyewe.

Mwaka 2019 tulichanga tukaikarabati nyumba ya mama kule Kibosho, Kilimanjaro. Bati jipya, dari la jipsamu, tailizi nyeupe za kung'aa kuanzia sebuleni hadi bafuni. Wageni wa Desemba walisifia sana. Mama ana miaka 81, na hakuna aliyemuuliza usiku anafikaje chooni.

Safari hii nilimuuliza. "Njoo uone, baba," akaniambia. Akakaa, kisha akashika ukingo wa sinki, akajivuta taratibu mpaka akasimama. Sinki lile linashikiliwa na skrubu mbili, na plasta ya nyuma yake imeshapasuka. Nilisimama pale mlangoni machozi yakinilenga.

Anachohitaji ni bomba la chuma pembeni mwa choo, lifungwe kwa boliti ndefu zinazoingia kwenye tofali, si plasta. Choo kiinuliwe kwa zege kifike sentimita 45 au zaidi kidogo, magoti yake yasibebe mzigo wote. Sakafu iwekwe tailizi za kukwaruza, zile tunazoweka nje barazani. Na mlango ufunguke kwa nje! Mzee akiangukia nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, utamfikiaje bila kumsukuma na mlango? Yote hayo, kwa bei aliyonipa fundi, hayafiki nusu ya tulichotoa kwenye dari.

Swichi ya taa iwe karibu na kitanda. Kizingiti cha bafuni kivunjwe. Ngazi tatu za barazani zina kimo cha sentimita 45. Mteremko mzuri unataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ni mita 5 na nusu hivi. Nafasi ipo, ndipo tunapoegesha magari yetu Krismasi.

Wapo wanaosema mama aletwe Dar yaishe. Sawa, hospitali ziko karibu, hilo siwezi kulipinga. Lakini kihamba chake, shamba la ukoo, kiko kule, migomba yake, kaburi la baba, wenzake wa jumuiya. Ukimtoa hapo umemtunza nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60. Kaka yetu mkubwa amebakiza miwili, na sasa hivi anajenga ghorofa, chumba chake cha kulala kiko juu. Nimempigia simu tukazungumza saa nzima.

Kuna kitu kimoja bado kinaniuma. Kutoka chumbani kwa mama hadi bafuni, ukutani, usawa wa kiuno, kuna mstari mweusi uliofifia. Kila Desemba tuliupaka rangi tukidhani ni uchafu wa watoto. Ni kiganja cha mama, anapopapasa gizani kila usiku.

Fundi anaanza Jumatatu. Nimemwambia rangi asiiguse kwanza, afuate mstari ule na bomba la kushikia alipitishe hapohapo.